Kumchagulia mtoto mdogo filamu ya sinema: mwongozo kamili kwa wazazi wa Malindi na Lamu

Mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe mdogo sinema kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza jambo moja tu: je, filamu hii ina matusi, mabusu au damu? Akiambiwa haina, moyo hutulia na tiketi hununuliwa. Swali hilo ni la haki, na katika miji yetu ya pwani, ambako haya na adabu bado ni nguzo za malezi, hakuna anayeweza kumlaumu mzazi kwa kulitanguliza. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka mitatu hadi saba swali hilo halitoshi, kwa sababu yanayomwumiza mtoto wa umri huo si yale yanayomkera mtu mzima. Busu la filamuni humpita bila kumgusa, lakini sura iliyogeuka ghafla, ngurumo iliyokuja bila taarifa au mama wa mhusika aliyepotea gizani huweza kumkosesha usingizi kwa majuma.

Mwongozo huu umekusudiwa wazazi na walezi wa watoto wa umri huo. Aliye chini ya miaka mitatu ni heri abaki nyumbani na bibi yake, maana ukumbi wa sinema hauna lolote la kumpa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano, linashauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiketishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Filamu nyingi za watoto hukaribia dakika 90 au kuzipita, kwa hiyo siku ya sinema ihesabiwe kuwa siku maalumu isiyo na televisheni wala simu.

Hatua ya kwanza: anza na mtoto, si na filamu

Kabla ya kutafuta filamu yoyote, chukua siku chache umchunguze mwanao anapotazama televisheni nyumbani. Je, huondoka chumbani muziki unapobadilika? Hujifunika uso kwa mto? Hung'ang'ania katuni ileile kila jioni kwa kuwa anaujua mwisho wake? Wapo watoto ambao wakiogopa hukaa kimya kabisa, na hao ndio huwapotosha wazazi, kwa kuwa ukimya wao hudhaniwa kuwa ni furaha. Binti wa dada yangu, alipokuwa PP1, yaani darasa la kwanza la nasari, alitazama katuni ya ndovu mdogo aliyeachwa nyuma na kundi lake wakati wa mvua kubwa. Hakulia wala hakusogea. Vidole vyake vilikuwa vimeshika upindo wa leso ya mamake, vikiukunja na kuukunjua, na hakuuachia hata ndovu walipokutana tena na nyimbo zikaanza. Katuni ilipokwisha hakuuliza lolote kuhusu ndovu yule. Aliuliza kama mlango wa mbele umefungwa.

Mtoto wa namna hiyo hahitaji kunyimwa sinema, bali mzazi wake anahitaji kujua kwamba kwake yeye hadithi yoyote ya kuachana na wazazi ni nzito kuliko hadithi ya simba au papa. Mwingine atakuwa kinyume chake. Mwingine hana neno na picha ila hawezi kuvumilia kelele: ukimwona mtoto anayeziba masikio bodaboda inapopita au jirani anapowasha jenereta, basi tatizo lake ukumbini litakuwa spika. Mtoto aliyelelewa katika vichochoro vya Mkomani au Langoni mjini Lamu, ambako kelele kubwa ya kutwa ni mlio wa punda na injini ya boti, hana mazoea ya sauti itokayo pande zote kwa mpigo, na jambo hilo litiwe maanani mapema.

Kuhusu umri, utafiti umetupatia mwanga wa kutosha. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani alichunguza kwa miaka mingi jinsi watoto wanavyoogopeshwa na televisheni na sinema. Katika uchunguzi alioutoa pamoja na Glenn Sparks mwaka 1986, watoto walionyeshwa kipande cha mchezo wa televisheni ambamo mtu mpole hugeuka kuwa jitu la kijani linalowasaidia wanyonge. Wale wa miaka mitatu hadi mitano waliogopa zaidi baada ya mtu yule kugeuka, ilhali kwa wale wa miaka tisa hadi kumi na mmoja hofu ilikuwa ndogo kuliko zote wakati huohuo, kwa kuwa walijua kwamba jitu ni yuleyule mwema. Kwa mdogo, wema wa moyo haufuti ubaya wa sura. Mzazi akilishika hilo peke yake atakuwa amepata kipimo kinachofaa kuliko maelezo mengi ya matangazo, yale yasemayo kwamba zimwi la filamu fulani "lina roho nzuri".

Hatua ya pili: soma alama ya umri, kisha uliza imetoka wapi

Hapa Kenya filamu haipaswi kuonyeshwa hadharani kabla ya kupitishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, inayojulikana kwa herufi KFCB, ambayo hufanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, sura ya 222. Alama zake ni nne: GE kwa filamu inayofaa watazamaji wote, PG kwa ile inayotaka mzazi awepo na amwongoze mtoto, kisha 16 na 18 kwa waliofikia umri huo. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, anza na GE, na PG uifikie tu baada ya kuitazama wewe mwenyewe.

Ugumu huja pale mzazi anaposoma alama kwenye mtandao, kwa sababu kila nchi ina bodi yake na herufi zinafanana. PG ya Kenya, PG ya Marekani na PG ya Uingereza zimetolewa na watu tofauti kwa vigezo tofauti. Marekani ilianza mfumo wake mwaka 1968 na ikaongeza PG-13 mwaka 1984. Leo katuni nyingi kubwa za huko hupewa PG, na zile za G, yaani za watu wote, zimekuwa chache, hivyo PG ya Marekani haikuambii mengi kuhusu mtoto wa nasari. Uingereza ni wazi zaidi: bodi yao ya BBFC husema kwamba filamu ya U kwa kawaida inawafaa walio na miaka minne na kuendelea, na ya PG haitarajiwi kumsumbua mtoto wa miaka minane hivi. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka mitano hakufikiriwa sana pale PG ilipotolewa. Tovuti ya bodi hiyo hutoa maelezo mafupi ya kila filamu, yakitaja vitisho, maneno na matukio yaliyomo, na kuyasoma ni bure. Ni dakika chache zenye faida kubwa.

Kwa kuwa Malindi ina Waitaliano wengi, na filamu zao hupita mkono kwa mkono kwenye flashi, inafaa kujua pia kwamba tangu mwaka 2021 Italia hutumia madaraja manne: kwa wote, zisizofaa walio chini ya miaka 6, chini ya 14 na chini ya 18. Daraja hilo la miaka 6 ni la manufaa hasa kwetu sisi wenye watoto wadogo. India nayo ilibadilisha mfumo wake mwaka 2024, ikaligawa daraja la UA, la filamu zinazotaka uangalizi wa mzazi, kwa umri wa miaka 7, 13 na 16. Filamu ya Kihindi yenye U pekee ndiyo iliyokusudiwa watu wote.

Hata alama iliyo sahihi kabisa hukuambia yasiyokuwemo filamuni. Haimjui mwanao. Ndiyo maana hatua inayofuata haiwezi kurukwa.

Hatua ya tatu: tazama kwanza bila sauti

Ushauri wa kawaida ni mzazi aitazame filamu kabla ya mtoto, au angalau akitazame kionjo chake, yaani kile kipande kifupi cha kuitangaza. Mimi naongeza sharti moja ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote kwa familia zinazozungumza Kiswahili: itazame ukiwa umezima sauti.

Sababu ni hii. Filamu nyingi zinazofika kumbi zetu huzungumzwa kwa Kiingereza au Kihindi. Mtoto wa Malindi au Lamu mwenye miaka minne, ambaye nyumbani husikia Kiswahili, Kiamu au Kigiriama, hafuati mazungumzo yale hata kama ameanza kujifunza Kiingereza shuleni, kwa kuwa wahusika husema upesi na kwa lafudhi ngeni. Sasa angalia jinsi filamu za watoto zinavyotungwa: kitisho huwekwa kwenye picha na muziki, lakini faraja mara nyingi huwekwa kwenye maneno. Mhusika huanguka genge tukaona anavyoanguka. Kwamba amenusurika, tunaambiwa na mwenzake. Jitu hutokea gizani likiwa na meno. Kwamba lilikuwa ndoto tu, huelezwa kwa sentensi moja ya haraka. Mtoto wa London hupata vyote viwili. Mtoto wetu hupata kitisho kizima na kukosa faraja, kisha tunashangaa kwa nini filamu ambayo ulimwengu mzima unaiita ya watoto imemliza.

Ukizima sauti utaona kile atakachokiona yeye. Jiulize kila baada ya dakika chache: je, mtu asiyejua lugha hii angefahamu kwamba mambo yameisha salama? Je, nyuso zinamwambia hivyo, au ni maneno tu? Ziandike kwenye karatasi sehemu ambazo jibu lake ni hapana, kwa mfuatano wake, kwa sababu utazihitaji baadaye. Zikiwa mbili au tatu, filamu inaweza kufaa ukimwandaa mtoto. Zikizidi hapo, achana nayo kwa sasa.

Baada ya hapo rudia sehemu zilezile ukisikiliza huku umefumba macho. Muziki mzito wa kutangaza hatari ukidumu muda mrefu humchosha mtoto kuliko tukio lenyewe, na hilo haliwezi kuonekana, lazima lisikike.

Filamu mpya ambayo bado haijafika mtandaoni huwezi kuitazama nzima, na hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Kionjo peke yake hakitoshi, maana hukusanya vichekesho na kuficha machozi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kusoma muhtasari wa hadithi nzima pamoja na mwisho wake, na maelezo ya wazazi katika tovuti ya Common Sense Media ya Marekani au sehemu ya mwongozo wa wazazi katika tovuti ya filamu ya IMDb. Ya pili, ambayo naiona bora kwa mtoto wa chini ya miaka sita, ni kutokimbilia filamu mpya. Mtoto hajui ipi ni ya juzi na ipi ni ya miaka kumi iliyopita. Haraka hiyo ni yetu sisi wazazi.

Hatua ya nne: mambo ya kukagua zaidi ya mengine

Kifo cha mzazi kinatangulia. Mwezi Desemba 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha katuni 45 za watoto zilizopata mapato makubwa, za kuanzia mwaka 1937 hadi 2013, na filamu za watu wazima zilizotoka miaka hiyohiyo. Ilidhihirika kwamba wahusika wakuu katika katuni walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi kuliko wale wa filamu za wakubwa, na wazazi wa mhusika mkuu ndio waliokuwa katika hatari kubwa hasa. Mzazi asidhani basi kwamba neno "katuni" ni kinga. Mtoto aliyefiwa karibuni, au ambaye babake yuko safarini au ughaibuni kwa muda mrefu, asipelekwe kutazama filamu inayoanza na msiba wa mzazi, hata ikisifiwa namna gani.

La pili ni sura zinazogeuka, ambalo nimelieleza. Hapa pwani lina uzito wa ziada, kwa sababu watoto wengi wamekwisha kusikia habari za majini kutoka kwa ndugu zao wakubwa. Mtu anayegeuka moshi, mwanamke mwenye macho yasiyo na mboni, paka anayesema kwa sauti ya mwanamume: haya kwa mtoto wa kwetu hayaji kama ubunifu wa mbali, bali yanaungana na yale aliyoyasikia barazani usiku umeme ulipokatika. Familia ambazo hazitaki filamu za uchawi kwa sababu za dini zina haki ya kuziacha bila kujieleza kwa mtu. Lakini hata wasio na pingamizi la kidini wazipime kwa jicho hili.

La tatu ni mwanga unaomemeteka kwa kasi. Mwezi Desemba 1997 nchini Japani, mamia ya watoto walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni chenye mmweko wa rangi nyekundu na buluu. Mtoto mwenye kifafa, au ambaye nduguye ana kifafa, daktari wake aulizwe kwanza.

Mabusu, mavazi na maneno nimeyaweka mwisho makusudi. Si kwamba hayana maana, bali mzazi huyaona kwa urahisi, na likitokea dogo ambalo halikutarajiwa, sentensi moja ya upole humaliza kazi: "Sisi hatufanyi hivyo mbele za watu." Hofu haimalizwi kwa sentensi moja.

Filamu za Kihindi, na zile za vibandani

Filamu za Kihindi ni sehemu ya malezi ya pwani tangu enzi za babu zetu, na nyimbo zake huimbwa na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Kwa sababu ya mapenzi hayo wazazi wengi huzihesabu kuwa ni salama kwa familia nzima. Kwa mtoto mdogo nasema hapana, isipokuwa chache. Nyingi huchukua saa mbili na nusu au zaidi, mapigano yake hupigwa kwa sauti iliyokuzwa ili kila ngumi ivume, na kiini cha hadithi aghalabu ni mama anayelia, ndugu walioachanishwa au baba anayedhulumiwa. Nyimbo humfurahisha mtoto, kweli, lakini nyimbo unaweza kumwonyesha nyumbani peke yake.

Vibanda vya video havimfai mtoto wa umri huu, na hapa sina la kupimapima. Hata kama filamu ya saa hiyo ni nzuri, hujui itakayofuata, msimulizi anayetafsiri huongeza maneno yake, na waliokaa humo wamekuja kwa ajili ya mpira na filamu za vita.

Hatua ya tano: jaribio la nyumbani

Ukumbi wa sinema hutofautiana na televisheni kwa mambo matatu: giza, ukubwa wa picha na sauti. Mzoeshe mtoto yote kabla ya kusafiri. Tundika shuka nyeupe ukutani, uani au sebuleni, azima projekta ya shule au ya jirani, zima taa, na mtazame pamoja filamu fupi ya dakika ishirini au thelathini. Vipindi vya Akili and Me, vilivyotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo kwa ajili ya watoto wa miaka mitatu hadi sita, vinapatikana kwa Kiswahili na vinafaa sana kwa jaribio hili, kwa kuwa lugha haimzuii mtoto na huna haja ya kubahatisha kilichomtisha. Akiomba taa iwashwe, iwashe bila kumcheka. Akiweza kukaa hadi mwisho, juma lijalo ongeza muda. Asiyeweza kukaa dakika thelathini kwenye giza la nyumbani kwao hatakaa dakika tisini kwenye giza la ugenini.

Hatua ya sita: ihesabu safari pamoja na filamu

Jambo hili huachwa na miongozo ya ng'ambo kwa kuwa kwao sinema iko mtaa wa pili. Kwa wengi wetu sinema ya kisasa yenye filamu za watoto iko Mombasa, upande wa Nyali. Kutoka Malindi ni kilomita 120 hivi, na msongamano wa Mtwapa una saa zake. Anayetoka Lamu atavuka kwa boti hadi Mokowe kisha apande basi la kutwa, na huyo asithubutu kuunganisha safari na sinema siku moja. Alale kwa jamaa, mtoto apumzike, waende asubuhi yake.

Chagua onyesho la mchana wa mapema, ambapo mtoto ameshakula na hajafikia saa yake ya kulala. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili watoto wengi wako chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo likizo za shule ni wakati mzuri zaidi, ila kumbi hujaa. Siku za katikati ya juma huwa na nafasi. Epuka onyesho litakalokutoa nje baada ya Magharibi, kwa ajili ya swala na kwa ajili ya usingizi wa njiani, kwani mtoto aliyeona vitisho akalala matatuni huamka gizani asijue yuko wapi. Mwezi wa Ramadhani uache upite.

Hatua ya saba: msimulie hadithi nzima, pamoja na mwisho

Mtu mzima huchukia kuambiwa mwisho wa filamu. Mtoto mdogo hupata nguvu kutokana nao. Chukua karatasi ile uliyoandika sehemu ngumu, na usiku mmoja au miwili kabla ya safari mketishe umpigie hadithi kama walivyotupigia bibi zetu, kuanzia paukwa hadi pakawa. Mpe wahusika majina atakayoyakumbuka. Kila ufikapo sehemu ya hatari, taja kitakachoonekana na kisha namna kitakavyoisha: "Hapo itakuja mvua na giza, utamsikia akilia, halafu mamake atampata chini ya mti." Mwache aulize, arudie, akurekebishe ukikosea. Kwa kufanya hivi unamrudishia ile faraja iliyokuwa imefungwa ndani ya lugha asiyoijua, na ukumbini atakuwa anakisubiri kitu anachokifahamu.

Akisikia hadithi hiyo akasema hataki kuiona, mshukuru na umtafutie nyingine. Amekuokolea nauli.

Hatua ya nane: ndani ya ukumbi

Kaeni pembeni mwa safu, karibu na njia ya kutokea, katika nusu ya nyuma ambako picha haimfuniki mtoto na spika za mbele ziko mbali. Tiketi zikiwa na namba za viti hakuna sababu ya kuwahi sana: kabla ya filamu huja matangazo na vionjo vya filamu nyingine, ambavyo vyaweza kuwa vya rika kubwa zaidi, kwa hiyo muulize mhudumu vinachukua dakika ngapi, muingie vikikaribia kwisha. Miwani ya kutazamia picha za pande tatu (3D) iacheni, kwani haikai vyema kwenye uso mdogo.

Kuhusu sauti, kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano mwaka 2019 kwa vifaa vya kusikilizia ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 75 kwa saa 40 kwa juma kwa watoto, dhidi ya 80 kwa watu wazima, na kila sauti inapopanda muda huo hupungua upesi. Programu ya simu ya kupima sauti haina usahihi wa kifaa cha fundi, lakini itakupa fununu. Mtoto mwepesi wa kelele mletee vizibo vya masikio vya aina ya vifuniko, umzoeshe kuvivaa nyumbani. Unaweza pia kumwomba mhudumu apunguze sauti. Hilo si jambo la kuonea haya.

Akianza kuogopa, usimwambie "si kweli, ni picha tu." Tafiti za Cantor na wenzake zilionyesha kwamba maelezo ya namna hiyo huwasaidia watoto wakubwa, waliofikia miaka minane hivi, lakini aliye mdogo hutulizwa na mwili wake: kupakatwa, kushika leso ya mamake au mwanasesere wake, kunywa maji, kula bisi. Mnyanyue umkalishe mapajani, kisha umnong'oneze sehemu inayofuata ya hadithi mliyopigiana. Akitaka kutoka, tokeni mara moja, bila kumuuliza kama ana hakika na bila kutaja pesa. Kaeni kwenye mwanga dakika tano, ale kitu, ndipo aulizwe kama anataka kurudi. Uamuzi uwe wake. Mlioandamana nao, kaka au shangazi, waambiwe mapema ni nani atakayetoka na mdogo ili wengine waendelee kutazama bila manung'uniko.

Hatua ya tisa: siku zinazofuata

Usimhoji njiani. Mtoto mdogo husema aliyoyaona kwa michezo yake kabla ya kuyasema kwa maneno, kwa hiyo angalia anavyocheza kesho yake: nani anakuwa nani, nani anafungiwa, nani anarudi. Mchezo ukiwa na mwisho mwema, mambo ni shwari. Ukirudiwa siku baada ya siku ukikatikia mahali pabaya palepale, keti naye mcheze pamoja, na wewe ndiwe uumalize: mama arudi, mlango ufunguliwe, samaki aogelee kwao.

Kuweweseka usiku mmoja au miwili si ajabu, na hakuhitaji zaidi ya taa ndogo na mzazi aliye karibu. Kukidumu kwa majuma, au mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, au akakataa kwenda chooni peke yake mchana, zungumza na mwalimu wake wa nasari na umpeleke akaonwe na daktari wa watoto, ukieleza filamu iliyotazamwa na sehemu iliyomtisha. Wakati huo filamu hiyo isirudiwe nyumbani, hata ndugu zake wakiiomba.

Kwenye karatasi ile ya awali, andika pembeni kilichomtisha kweli, kilichomchekesha, na dakika aliyoanza kuchoka. Aghalabu utakuta sehemu uliyodhani itamliza ameipita, na ameshtushwa na jambo ambalo hukuliona kabisa. Hiyo ndiyo karatasi ya kuchagulia filamu ya pili, na filamu hiyo isitafutwe kabla mtoto mwenyewe hajaanza kuomba kurudi.